Gemu Iliyokuwa Ikiganda

Mdogo wangu alirudi kutoka Mombasa akiwa amebaki mifupa. Unga wa kulevya ulikuwa umemla miaka, na mtaa mzima wa Langoni ulijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba afungiwe chumba cha juu mpaka arosto, yale maumivu ya kuacha unga, imtoke.

"Mama, hata nikilia usinifungulie," alisema.

Mama akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso, akaketi nje ya mlango na tasbihi yake. Alilia kweli. Alitapika, alitukana, alimwita marehemu baba. Mama hakufungua.

Mimi, dada yake, kazi yangu ni ya kompyuta na naifanyia nyumbani. Siku hizo, kila nikipata nafasi, nilikuwa nikiandika programu ya kuiga prosesa, ule ubongo wa mashine ya gemu tuliyoichezea utotoni, ambayo chumvi ya upepo wa bahari hapa ilikwisha kuila. Arosto ilipompungua kidogo niliingia na kompyuta chumbani kwake. Nilitaka mikono yake iwe na la kufanya.

Gemu haikufunguka. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza. Prosesa ile ikipewa amri ya kurukia sehemu nyingine ya programu, hairuki papo hapo. Kwanza huitekeleza amri moja iliyoandikwa baada ya ile ya kuruka, ndipo iende. Programu yangu ilikuwa ikiruka mara moja na kuiacha amri hiyo. Nikairekebisha mbele yake: ikumbuke inakotakiwa kwenda, imalize amri moja, kisha iruke. Picha ya mwanzo ikatokea, na muziki wake. Alicheka, akacheza mpaka adhana ya alasiri. Halafu gemu ikaganda.

Ikawa hivyo kila siku. Huenda vizuri, kisha huganda ghafla, leo hapa, kesho pale, na sababu sikuiona. Yeye alisubiri tu niiwashe upya. Alianza kunywa uji, kisha akala wali na samaki. Mama akaacha kufunga mlango.

Ijumaa moja aliomba kwenda kuswali. Mama alimtolea kanzu ya baba, akamnyoosha kola kwa kiganja.

"Ukimaliza, shika ndia ya nyumbani," alimwambia.

Aliswali. Watu walimwona safu ya nyuma. Baada ya hapo alionekana na wenzake wa zamani, na karibu na magharibi alikutwa ndani ya nyumba isiyokwisha kujengwa, amelala kifudifudi na kanzu ile. Hospitalini muuguzi, dada mmoja wa kutoka bara, alitueleza kwa upole kwamba mwili uliokwisha kuacha unga hauhimili tena kipimo cha zamani. Mama alimsikiliza, akamshukuru, akaomba shuka nyeupe.

Alizikwa asubuhi. Wanaume walimchukua, sisi wanawake tukabaki ndani tukisikia shahada zao zikipotea vichochoroni. Mama hakulia mbele ya watu. Mimi nilishindwa hata kuosha vikombe.

Wageni walipopungua niliifungua kompyuta, kwa kuwa sikuweza kukaa bure. Safari hii niliona kasoro. Mara nyingine prosesa hukatizwa kazi, labda na saa yake ya ndani. Ikikatizwa inapotekeleza ile amri moja, haina budi baadaye kurudi kwenye amri ya kuruka yenyewe na kuanza hapo. Yangu ilirudi kwenye ile amri moja tu, ikasahau kwamba ilikuwa njiani kwenda kwingine, ikaendelea mbele mpaka ikapotea. Ilikuwa mistari michache ya kubadilisha. Niliibadilisha, nikaiwasha gemu, nikaiacha ijiendeshe. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, haikuganda.

Mama alisikia muziki akapanda ngazi. Alisimama mlangoni akiutazama ule mwanga wa skrini, wala sijui alikuwa akiona nini.

"Zima sauti, mwanangu," alisema. "Arubaini bado."

Nikaizima. Akaniambia niteremke nikamsaidie kumenya vitunguu, kwa sababu jioni watu walikuwa wanakuja kumsomea Kurani marehemu, na wali wa kuwatosha ulikuwa haujatelekwa jikoni.