Rubani Niliyemuua kwa Mdomo

Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu asinisikie. Nilikuwa kijana, mtafsiri wa banda la video hapa Sepuka. Watu wa kwenye picha wakisema Kiingereza, mimi nilisimama kando ya televisheni nikiwasemea kwa Kiswahili, na Kinyaturu kidogo pale wazee walipokunja uso.

Wiki hiyo tulionyesha mfululizo wa mambo ya anga: mwanamke rubani amepotea kati ya nyota, anatafuta njia ya kurudi kwa mama yake. Hakuna ngumi, hakuna bunduki. Vijana walipiga miayo, nami nikauita mboga isiyo na chumvi. Mtu mmoja tu hakukosa hata sehemu moja, jirani yetu Mama Salome. Mwanawe wa kiume alikuwa amekwenda machimboni miaka mingi nyuma, hajaleta hata salamu.

Sehemu ya mwisho ilipoanza, vijana wakapiga kelele wanataka picha ya ngumi. Hata mimi nilikuwa nimechoka. Nikazima, nikatangaza, "Amekufa hukohuko angani. Imeisha!"

Mama Salome akainuka, akajifunga kanga yake vizuri. "Mwenye chombo cha chuma ameshindwa kurudi," akasema, "wangu atarudi na nini?"

Hakuja tena bandani.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hiyo nilizoea kuwaambia wengine. Mwaka huu mjukuu wangu kaipata hadithi ile kwenye simu. Nikaitazama yote, na nakwambia bila kumung'unya maneno, inazipita picha zote za ngumi nilizowahi kutafsiri. Ule mwendo wake wa taratibu uliotuchosha ndio utamu wenyewe. Ni hadithi ya kungoja, na sisi vijana hatukuwa na wa kumngoja. Mwishoni rubani anafika kwao, mama yake anamfungulia mlango. Nililia, sikufichi.

Nikaichukua simu ile, nikaenda kwa Mama Salome, sasa ni mzee sana, bado anamngoja mwanawe.

"Shikamoo, mama. Yule wa angani alirudi. Nilikudanganya."

"Marahaba. Nilikaa nikafikiri, nikajua aliyechoka ni wewe, si yeye. Haya, kaa unitafsirie. Na usiruke kitu."

Tulimaliza kwa alasiri tatu.

Mwanangu, kitu kikikuchosha, sema umechoka, usiseme ni kibaya. Na usimkatie mwenzako tumaini kwa sababu ya uvivu wako. Mungu akupe subira ya kufika mwisho wa mambo, na wote unaowangoja wakukute hai.