Mstari wa Kifafa

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu wagonjwa ambao sikuwahi kuwaona. Nilikuwa karani katika ofisi ya afya ya mkoa, Kisangani, miaka ile ambayo serikali iliagiza sote tuitwe citoyen na citoyenne, yaani raia. Kila mwezi zahanati zilituletea madaftari yao, ya Kabondo, hapo mjini, kwa baiskeli, ya Yanonge na Isangi, kando ya mto, kwa boti za mbao, mara nyingine yakiwa yamelowa. Kilichonikera ni kwamba kila muganga wa zahanati aliandika alivyotaka. Mmoja aliandika "dysenterie", mwingine "kuhara damu", wa tatu "tumbo", basi, kana kwamba tumbo ni ugonjwa. Watu wa chuo kikuu walitaka kujua ni maradhi gani yanasumbua mto mzima, nami sikuweza kujumlisha tumbo na dysenterie.

Ndipo daktari wa mkoa akaagiza tutengeneze orodha moja. Kila ugonjwa ungepewa mstari na namba yake, na kando ya namba jina lake kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, ili anayeandika Isangi na anayeandika Kabondo wawe wanasema kitu kimoja. Dawa kutoka Kinshasa nazo zingeagizwa kwa kufuata mistari hiyo. Kanuni ya daktari ilikuwa rahisi: ugonjwa usioonekana katika madaftari ya mwaka mzima haupati mstari. Niliipenda kanuni hiyo. Mimi ni mtu wa mambo yaliyonyooka, au ndivyo nilivyojisifu.

Kwa wiki tatu nilinakili magonjwa kwenye vipande vya karatasi, nikavipanga mezani na kuvikandamiza kwa vizibo vya chupa za bia visipeperuke. Malaria ilijaza nusu ya meza. Kifafa hakikuwa na kipande hata kimoja.

Sikushangaa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na moja, alikuwa na kifafa. Mjini kwetu mtu wa kifafa alitengewa sahani na kikombe, na akianguka watu walikimbia badala ya kumshika, kwa kuamini kwamba mate yake yanaambukiza. Mtoto wa namna hiyo shuleni alirudishwa nyumbani. Kwa hiyo waganga wetu walikuwa na desturi ya huruma: mama akilia vya kutosha, daftarini huandikwa malaria, maana daftari lilikaa wazi mezani na kila aliyepanga foleni aliweza kulisoma. Mimi nililia. Muganga wa Kabondo, mzee mmoja mpole aliyetoka Maniema, aliandika malaria, kisha akanipa vidonge kutoka kopo lake. Binti yangu alivimeza kila siku, akaacha kuanguka. Darasani hakuna aliyejua.

Siku chache kabla ya mkutano wa kupitisha orodha, nilikwenda kuchukua vidonge. Muganga aliliinamisha kopo nione ndani. Vilibaki vya wiki mbili.

"Mama, naombaka kila mwezi, habatumi," alisema. "Kule Kinshasa banaona hapa hakuna mutu wa ile magonjwa. Bon, ni siye benyewe tuliandika hakuna."

Akafungua daftari na kuniwekea kidole kando ya malaria ya binti yangu. Palikuwa na nukta ndogo ya wino mwekundu. Akageuza kurasa, nukta nyingine, na nyingine tena. Alikuwa ameweka alama kwa kila malaria ya uongo, asije akasahau. Kurasa hizo nilizinakili zote kwa mkono wangu, nikidhani ni kalamu iliyovuja.

Mkutano ulifanyika asubuhi. Waganga walikaa upande mmoja, sisi makarani upande wa pili, na daktari akasoma mistari yote hadi mwisho. Nikanyoosha mkono, nikasema tuongeze kifafa.

"Citoyenne, preuve, ushahidi, iko wapi?" daktari aliuliza. "Kwa madaftari hakuna."

Muganga wa Kabondo alitazama meza. Angezitaja nukta zake angefukuzwa kazi, hilo nililijua. Nikinyamaza, kopo lingekwisha na binti yangu angeanguka mbele ya darasa zima. Nikasimama.

"Docteur, iko," nikasema. "Kwa daftari la Kabondo, ile malaria ya mutoto wangu si malaria. Ni kifafa. Ni mimi niliomba baandike vile."

Kisha muganga wa Isangi, akiwa bado ameinamisha kichwa, akasema kwake pia wako. Wa Yanonge akasema vivyo hivyo. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaniamuru niandike mstari mpya chini ya orodha. Niliuandika kwa majina yote matatu.

Karani mwenzangu alikuwa na mtoto darasa moja na binti yangu. Jumatatu iliyofuata, binti yangu alikuta dawati lake limesogezwa ukutani, na msichana aliyekuwa akikaa naye amehamia mbele. Hawakumfukuza. Alikaa peke yake mpaka mwaka ukaisha.

Muganga alivikata vidonge nusu nusu kwa hofu ya kuishiwa, na makasha ya Kinshasa yakafika kabla kopo halijawa tupu. Binti yangu hakuanguka. Jioni niliyomletea kopo jipya alikuwa akimenya ndizi. Aliniuliza nani aliwaambia watu. Nikamwambia ni mimi, nikamweleza orodha na kanuni, na kwamba bila mstari ule dawa isingekuja kwake wala kwa wengine. Alisikiliza yote, akamaliza ndizi aliyoshika, akaiweka kwenye sufuria.

"Mama, ungeniuliza kwanza," alisema. "Ningekubali."