Lokesheni ya Kwa Mama Mkubwa

Nakumbuka siku lile lori liliposimama uani kwetu, ng'ambo ya mto, mimi binti mdogo nimeshika mchi, natwanga mpunga na dada yangu Melania. Ndiyo, mwanangu Deo, Melania huyo huyo, mama yako mkubwa tuliyemzika juzi. Ninakutumia sauti hii ndefu makusudi. Isikilize mpaka mwisho, usiruke katikati kama mnavyofanya, maana swali ulilonipigia simu jana kuniuliza limenikera hadi chai ya asubuhi haijanishuka.

Dereva wa lori lile hakuzima hata injini. Alipiga honi, akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti: "Nyie mabinti, kwa Mzee Gaudensi ni wapi?" Mimi nikainua mkono nimwonyeshe. Melania akanishusha mkono, akaweka mchi wake chini, akajishika kiuno.

"Kwenu hakuna salamu? Zima hilo dude, shuka, mwamkie bibi yetu, ndiyo tuongee."

Utingo kule juu ya magunia akaangua kicheko. Dereva alinuna, lakini akashuka. Akampa bibi shikamoo yake, akasogezewa kigoda, na mazungumzo yakaanza: umetoka wapi, mzee unamtakia nini, kwenu hawajambo. Ndipo bibi akamwambia kuwa nyumba ya Mzee Gaudensi iko kijijini, lakini msimu ule alikuwa amehamia shambani na familia yote, wanaamia ndege wasimalize mpunga. Kijijini angekuta mlango umefungwa na hata kuku hakuna. Dereva akashika kichwa, akacheka, akaomba maji ya kunywa. Melania akamalizia kwa kusema, "Huku kwetu usiulize tu mtu anakaa wapi. Uliza sasa hivi yuko wapi." Alisema hivyo akaendelea kutwanga.

Haya. Sasa nije kwako, na leo sikuachi.

Unanipigia jana, sauti ya furaha kabisa: "Mama, kwa safari ya arobaini ya mama mkubwa, ninunue GPS mpya ya gari au nibadilishe simu?" Jamani, Deo! Katika yote yaliyotupata siku ya maziko, hilo ndilo ulilobaki nalo? Nilikata simu kwa sababu ningekutukana, na mimi ni mfiwa.

Ngoja nikukumbushe. Ulinipitia hapa Ifakara asubuhi, umetoka Dodoma. Kwenye kioo cha gari umebandika vitu viwili: kile kidude cha GPS alichokuuzia rafiki yako wa kazini, na simu yako kwenye kishikio chake. Vyote vinaongea. Kimoja kinasema kata kushoto, kingine kinasema nyoosha. Na mimi niliyezaliwa huko nimekaa kiti cha nyuma na kanga yangu, hakuna anayeniuliza kitu.

Kichwani nilikuwa na jambo moja tu, nifike kabla jeneza halijafungwa. Wenzetu kijijini walikuwa wameshanipigia: "Mdogo wa marehemu tunamsubiri aage uso wa dada yake, lakini mawingu yamefunga. Mkikawia, mvua itaingia kaburini." Hilo nilikwambia kabla hujawasha gari. Ukanijibu, "Usijali mama, tutawahi."

Tukatoka. Tulipokaribia Kivukoni, daraja hilo hapo, jeupe, kubwa, malori yanapita juu yake. Kidude chako kikakwambia ukate, na wewe ukakata! Nikasema, "Deo, daraja liko kule." Ukaniambia, "Mama, hii inasoma setilaiti." Setilaiti gani isiyoona daraja? Tukateremka mpaka ukingoni mwa maji, kwenye mitumbwi, na wavuvi wanapanga samaki wao. Mmoja akaja dirishani akasema, "Bosi, unasubiri kivuko? Hicho kilishaacha kuvusha zamani!" Wakacheka mpaka wakapigana mabega. Mimi sikucheka.

Ukaking'oa kile kidude ukakitupa kiti cha pembeni. Nikajua umepata akili. Kumbe umehamishia imani yote kwenye simu. Ukasema, "Hii haina shida mama, lokesheni ya kwa mama mkubwa ninayo, niliihifadhi mwenyewe." Na ni kweli uliihifadhi. Mwaka jana ulipokuja wakati wa mavuno, ulimkuta wapi mama yako mkubwa? Shambani! Kwenye kibanda cha nyasi, karibu na dungu la kufukuzia ndege, ukala naye wali mpya, ukapiga picha. Hukuwahi kufika kwake kijijini hata mara moja. Lakini kwenye simu uliandika "Kwa Mama Mkubwa", basi kwako ikawa ndiyo nyumba yake.

Tulipovuka Lupiro simu ikasema tuiache barabara kubwa. Nikakwambia kijiji kiko mbele. "Mama tulia, hii ni njia ya mkato." Nikajisemea labda wamefungua barabara mpya, siku hizi wanachimba kila mahali. Hapo na mimi nilikosea kunyamaza, lakini tuyaache hayo.

Halafu tukawakuta wale kina mama wawili. Unawakumbuka? Najua huwakumbuki, ulikuwa unatazama kioo cha simu. Wamejifunga kanga kiunoni, mmoja ana ungo wa mchele kichwani, mwingine mzigo wa kuni. Wanatembea upesi, hawapigi soga. Mtu yeyote wa bonde hili akiona wanawake namna hiyo anajua wanakwenda msibani. Na walikuwa wanaelekea upande tuliotoka sisi! Nikakupiga begani, nikasema, "Simama Deo, hawa wanakwenda kwetu, tuwapakie watuonyeshe njia." Ukasema, "Mama, tukisimama tutachelewa. Tumebakiza kidogo tu." Ukawapita, vumbi likawafunika na mchele wao.

Tukafika. Simu ikasema umewasili. Umewasili wapi, baba? Kwenye mabua makavu ya mpunga, kibanda kimeanguka paa, dungu limebaki miguu. Msimu wa kulima haujaanza, nani atakaa huko? Hakuna mtu wa kumuuliza, na simu imekosa mtandao, wenzetu hawawezi kutupigia. Ulishuka ukazunguka kibanda kile kama unamtafuta mtu ndani. Mimi nilibaki kwenye gari, nikalia.

Tuliporudi barabarani mvua ilikuwa imeshaanza. Kijijini tukakuta watu wanatoka makaburini na majembe begani. Walikuwa wamenisubiri, Deo. Walisubiri mpaka katekista akasema hatuwezi zaidi. Nikaonyeshwa udongo mbichi na maua yaliyolowa. Nilipopelekwa ndani kwa wanawake, yule mama wa ungo alikuwa jikoni anachambua mchele wake, anatoa vumbi. Akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Si ndio nyie mliotupita kule?" Nikaitikia kwa kichwa. Nilikosa pa kuficha uso.

Haya, umetaka jibu, chukua jibu. GPS haili bando na haitegemei mnara, lakini ramani yake usipoihuisha itakupeleka kwenye kivuko ambacho hakipo. Simu inajua daraja jipya, lakini huku bondeni mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo ramani ihifadhi mapema ukiwa Ifakara, na chaja ubebe. Kama ni mimi, ningebaki na simu niliyonayo. Hiyo hela ya GPS nunua mchele mzuri wa arobaini, na mfuko mmoja umpelekee yule mama, kwa mikono yako mwenyewe, na umwombe radhi.

Lakini mwanangu, sikia na hili. Mashine inakumbuka mahali ulipomkuta mtu. Alipo leo wanajua majirani zake. Ukifika penye njia panda, zima gari. Shuka. Amkia. Uliza. Utapoteza muda wa kunywa kikombe cha maji, na hutakosa maziko ya mtu wako. Mama yako mkubwa aliyasema haya na mchi miguuni kabla hujazaliwa, na wewe ukamkosa kwa kukataa kushuka.

Mungu akulinde na barabara, akupe subira ya kusimama na ulimi wa kusalimia, na watoto wako wakusikilize kuliko ulivyonisikiliza mimi. Na siku yangu ikifika, Deo, usifungue hiyo simu kutafuta lokesheni. Ukiwaona kina mama wenye ungo kichwani wanatembea upesi, simama uwapakie. Watakuwa wanakuja kwangu.