Siku Kompyuta ya Bwana Taa Ilipozimwa

Bwana Taa alipewa jina hilo kwa sababu ya taa kubwa ya kurekodia video aliyoibeba begani kwenye kila harusi. Kwa miaka mingi hakuna aliyeoa mtaani pale bila kumulikwa naye. Halafu asubuhi moja akaanguka bafuni. Majirani, na ulimi hauna mfupa, wakasema: aliyezimaliza harusi zote, mwisho kapigwa na kiharusi. Mkewe aliusikia utani huo, na kwa kuwa alikwisha kulia hadi macho yakakauka, akacheka nao.

Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja: "Kesho." Ukimuuliza kama ana njaa, "Kesho." Ukimfunika shuka, "Kesho." Akikasirika, alilitupa kama jiwe, akifurahi, alilivuta kama wimbo. Mkewe akajifunza kusikiliza sauti badala ya neno. Mara nyingi alipatia.

Studio yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: pazia la buluu, benchi la wateja, na kompyuta ya mezani ambayo Bwana Taa aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Ilivuma mchana na usiku. Hakutaka kabisa izimwe. Hata umeme ulipokatika, betri ya akiba chini ya meza ilishika zamu, ikilia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Mkewe aliona ni ukaidi wa mwanamume na chombo chake. Lakini siku zote mumewe alipokuwa hospitali aliiacha iwake. Kuizima aliona kama kumkatia tamaa.

Sasa kazi ikawa yake. Kuhariri video alikujua. Tabu ilikuwa kuzitoa. Kompyuta ilikuwa na tundu za USB za kizamani, na video ya harusi moja ilitoka tone kwa tone. Wateja walikuja na diski zao za nje, wakakaa benchini, wakasinzia, wengine wakaondoka wakinuna. Mwenyewe alikuwa amenunua diski kubwa ya nje ahifadhi nakala ya kila kitu, maana ndani ya video zile ndimo ilimobaki sauti ya mumewe: akiwapanga mashangazi, akiwatania mabwana harusi, akiimba ovyo huku akibadilisha betri. Kila alipoanza kunakili, kompyuta ilisubirisha weee, kisha ikakwama.

Wifi yake, dada wa Bwana Taa, ndiye aliyemleta Fundi Bisibisi.

"Mama, mashine haina ubaya," fundi alisema akichungulia nyuma ya kasha. "Mlango tu ndio mwembamba. Humu ndani kuna nafasi ya kadi. Tunachomeka kadi yenye tundu mpya, zile za kasi, na kazi ya kutwa utaimaliza kabla chai haijapoa."

"Si tungenakili kwanza hivyo hivyo, polepole?"

"Ukihama nyumba, mama, utalipitisha kabati dirishani, au utapanua mlango kwanza?"

Wifi akacheka. Mama naye akacheka.

Bwana Taa alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, karibu na pazia. Fundi aliposhika kipanya ili aizime, akasema, "Kesho."

"Leo, baba watoto," mkewe alimjibu. "Kesho fundi ana kazi kwingine."

"Kesho! Kesho!" Jasho lilimtoka. Mkono wake mzima ukalikamata gauni la mkewe.

"Kaka yangu na mashine yake!" wifi alisema. "Utadhani tunamwozesha binti yake."

Mkewe alisikiliza ile sauti. Akaisikia kuwa wivu, au uchovu. Akamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anavyofunguliwa mtoto mchanga. Fundi akaizima.

Chumba kikawa kimya hata ufagio wa jirani ukasikika uani. Bwana Taa hakusema tena. Aligeuza uso ukutani.

Fundi alifungua kasha, akapuliza vumbi, akafuta kwa brashi. Akatoa kibati kidogo cha nyuma, akaikandamiza kadi mpaka ikalia tak, akaiunganisha na waya wa umeme. Kazi safi. Akawasha. Feni zikazunguka, kisha kioo kikaleta maandishi meupe kwamba diski ya ndani, yenye video zote, haionekani.

Akabadilisha waya. Akabadilisha tena. Mwishowe akaweka sikio juu ya diski ya ndani.

"Mama, mashine hii ilikuwa inazimwa?"

"Haijawahi."

Fundi akakaa chini sakafuni. "Diski iliyochoka ndivyo ilivyo. Ikiwa inazunguka, inazunguka. Ukiisimamisha, hainyanyuki tena." Akashusha bisibisi. "Nadhani mzee alilijua hilo."

Wote watatu wakamgeukia Bwana Taa. Yeye hakuwageukia.

Waliipasha diski joto kwa viganja. Waliipeleka kwenye mashine nyingine. Fundi alileta diski yake mwenyewe, akaijaribu kadi. Faili kubwa likapita kufumba na kufumbua. "Tundu zinafanya kazi," alisema kwa sauti ya chini, kama anayesifu kitasa cha nyumba iliyoungua.

Diski ilipelekwa kwa wataalamu wa mbali. Ikakaa huko, mama akiamka kila siku na kuitazama simu kabla ya kunawa uso. Ikarudi na jibu fupi: imekwaruzika ndani, hakuna kitakachotoka. Akawapigia wateja mmoja mmoja. Wengine walimtukana. Wengine walimpa pole, na hao ndio waliomliza.

Jioni alipiga magoti mbele ya mumewe. "Ulituambia. Ulituambia kwa neno ulilobaki nalo, nasi hatukusikia. Nisamehe." Alisubiri hata lile neno, alisikilize vizuri safari hii. Bwana Taa alimtazama, machozi yakishuka upande mmoja wa uso, ule usiolala. Midomo haikufunguka.

Kompyuta ilitiwa diski mpya. Siku hizi wateja hawasinzii; mtu huchomeka chake, na kabla hamjamaliza kujuliana hali, video imeshaingia. Benchi limehamishiwa uani, kwa kuwa hakuna wa kulikalia. Bwana Taa hakai tena studio. Mara ya kwanza mkewe alipokisukuma kiti kuelekea kule, mumewe aliukamata mlango kwa mkono wake mzima, akashikilia mpaka kiti kikarudishwa nyuma. Tangu hapo huwekwa uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Kila mteja anapotoka, mkewe humchungulia. Haulizi kitu, kwa sababu hajui aulize nini.