Mama Mkwe Anaomba Sauti ya Marehemu Mwanawe, na Niliyo Nayo Naogopa Kumpa

Admin, nashukuru kwa kunifichia jina. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mitatu, naishi Busia upande wa Kenya, nauza vitenge ninavyovuka kuchukua upande wa Uganda. Ni mjane. Nina binti wa miaka saba, hapa nitamwita Athieno. Nimewaletea ninyi jambo hili kwa sababu nyumbani kila ninayemwambia tayari ana upande wake.

Mume wangu alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mtu wa Mwello kule Tororo, Uganda. Mama yake hakufurahia mwanawe kuoa ng'ambo, na alipohamia huku kwetu, mama alinuna kabisa. Tulikuwa tukienda na sukari na sabuni, tunapokelewa, lakini mimi haniangalii usoni.

Kisha mume wangu akaanza kukwaruzwa na koo. Tulidhani ni mafua. Hospitali wakasema ni uvimbe mbaya, lazima apasuliwe, na sauti haitarudi. Hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Kabla hawajaikata, nataka kumwachia Athieno sauti yangu. Na si kwenye simu, simu huibiwa." Akaamua kutengeneza sava ya nyumbani, yaani kompyuta inayokaa imewashwa, inatunza sauti na picha zetu, nasi tunazifungua kwa simu tukiwa ndani ya nyumba bila kununua bando.

Tulikwenda pamoja kwenye duka la kompyuta zilizotumika. Muuzaji akatutolea limashine kubwa lililotoka ofisi fulani, feni inanguruma. "Fundi, hii ndiyo sava yenyewe. Bei tutaelewana." Mume wangu akakataa. Alisema hiyo itakula stima kama mashine ya kusaga unga. Akachukua kikompyuta kidogo cha ofisini kinachoenea kwapani, prosesa yake ya zamani kidogo, akasema kwa kazi yetu inatosha na kubaki. Diski tu ndizo alizokazania. "Vingine vyote vinaweza kuwa mitumba, diski hapana. Tutanunua mbili mpya, moja iwe inanakili nyingine. Ikifa moja, ya pili ina kila kitu."

Halafu akanipa bisibisi palepale kaunta. "Ifungue."

"Mimi? Sijui."

"Ifungue, Mama Athieno. Pole pole."

Nikafungua. Akanionyesha RAM, kile kijibao cha kumbukumbu, nikaichomoa, nikairudisha. Muuzaji akacheka. "Fundi, mbona unamtesa mama? Si wewe upo?"

Mume wangu, sauti ikiwa imeshakauka, akamjibu, "Huyu ndiye atabaki nayo. Sitaki kumwachia kitu asichoweza kukitengeneza."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua. Alikuwa ameniambia atapona, na mimi nilimwamini. Kumbe mwenzangu alikuwa ananichagulia mashine ya mjane. Nikajifanya nakohoa, nikatoka nje nikalia.

Alirekodi hadithi, nyimbo za kanisani, na jinsi ya kusoma saa. Akiwa kitandani hospitalini akisubiri kupasuliwa, aliendelea kurekodi kwa simu, na mimi nikihamishia kwenye sava bila kusikiliza, sikuwa na moyo huo. Mama yake tulimpigia mara nyingi. Akawa anasema mahindi yako shambani, atakuja.

Aliporudi nyumbani hakuwa na sauti. Athieno alikuwa anamkalia mapajani, anafungulia hadithi za baba, na baba anachezesha midomo akifuata maneno yake mwenyewe. Siku moja mtoto akamwambia, "Baba, umekosea hapo," wakacheka, yeye bila sauti. Hakumaliza mwaka. Tulimzika Mwello, na mama yake akajitupa juu ya kaburi mpaka akaondolewa na watu.

Miezi ikapita. Mama mkwe akaja kututembelea, mara yake ya kwanza kulala kwangu. Nikiwa jikoni nikasikia sahani imeanguka. Athieno alikuwa amefungulia hadithi ya baba yake.

"Mwanangu mimi nilimzika," mama akawa anasema. "Sasa nani anaongea hapa? Zima! Zima hiyo kitu!"

Nikazima. Athieno akalia, bibi yake akalia. Nilingoja anitukane. Badala yake, alipotulia, akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. "Mama Athieno, mtoto aliachiwa. Wewe uliachiwa. Mimi aliniachia nini? Nitafutie yangu. Hata kama ni kuniita tu, mama."

Alipoondoka nikapekua sava yote. Nikaipata, moja tu, ya hospitalini. Mume wangu anasema kwa sauti inayokatika, "Mama, nakupenda. Lakini nimekungoja hapa kila siku, natazama mlango. Hukuja. Sijui nilikukosea nini." Kisha anakohoa, imeisha.

Nimeshajaribu kuikata ibaki "Mama, nakupenda." Inakatika vizuri, huwezi kujua. Lakini kila nikitaka kuituma, vidole vinakataa. Yale ni maneno ya mtu aliyekuwa anakufa, nami ni nani nimnyamazishe mara ya pili? Nikimpa yote, mama huyu amezeeka, ana presha, na yale maneno hataweza kumjibu mwanawe. Shemeji yangu anasema nimpe yote, aonje tulichoonja. Pasta wangu anasema niifute. Na nikisema sikupata kitu, nitakuwa nimemwambia mwanawe hakumkumbuka, na huo ni uongo mkubwa kuliko wote.

Kila Jumapili baada ya ibada ananipigia. Hasalimii sana siku hizi. Anauliza tu, "Umepata?" Na mimi najibu, "Bado natafuta, mama."

Wenye mama, wenye watoto, na ninyi mliowahi kuzika, niambieni. Jumapili hii akipiga, nimjibu nini?