Maji Yasiyochemka

Mume wangu alirudi nyumbani mchana, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa asali. Wakati huo wa Mwingereza tuliishi kambini, kwenye shamba la mkonge nje ya Lindi. Yeye alikuwa mchochea moto wa boila, lile pipa kubwa la chuma lililotoa mvuke wa kuendeshea mashine.

"Umeungua na nini?"

"Maji."

Nikafungua kitambaa. Ngozi ilikuwa imebambuka toka kiganja hadi kiwiko. Nimepika tangu utoto kwetu Kiswere, najua maji ya moto yanavyounguza. Ile kwangu ilikuwa kazi ya mafuta, na aliyeshinda na karai la mafuta pale kambini ni mjane mmoja muuza vitumbua. Mume wangu hakuwa akipita kibarazani kwake bila kusimama.

"Yalikuwa yanachemka?"

"Hayakuwa yanachemka. Ndiyo ubaya wake."

Nikaona ananifanya mtoto. Maji hayachemki, halafu yambabue mtu mzima! Kesho yake nikajitanda kanga, nikamfuata mwenzake wa zamu kiwandani.

"Shemeji, nataka kuyaona hayo maji."

Ilikuwa saa ya mapumziko, mashine zimesimama, mvuke umefungwa. Akanionyesha bomba la kioo ubavuni mwa boila. Ndani yake maji yalitulia kama ya mtungini, hata povu hakuna.

"Haya yana moto kuliko yanayotokota jikoni kwako," akasema. "Yamebanwa mno, hayana nafasi ya kuchemka. Moto unazidi kuyaingia, nayo kimya. Sasa rudi nyuma."

Akafungua koki ya chini. Sikuona maji. Nilisikia ngurumo, wingu jeupe likajaa uwanja, nikajikuta nimeng'ang'ania ukuta.

"Jana koki hii ilimfyatukia mkononi," akasema alipokwisha kuifunga.

Kwa habari ya maji, niliamini. Lakini njiani yule mjane akaniita:

"Bwana anaendeleaje? Asali yangu imemsaidia?"

"Anaendelea vizuri," nikamjibu, nikapita.

Nyumbani nilimuuliza mume wangu. Akasema alikimbilia pale kwa sababu ndiyo nyumba ya kwanza ukitoka kiwandani. Ni kweli, ndiyo ya kwanza.

Mkono ulipona. Akahamishiwa kwenye kuanika mkonge, upande wa pili wa shamba. Mimi ndiye niliyemshikilia aiombe kazi hiyo. Nilimwambia naogopa boila.