Mvua Niliyoihisi Magotini

Asubuhi ile niliamka nikiwa bado naisikia mvua. Sijui ni ipi iliyonyesha kwenye mabati na ni ipi iliyonyesha usingizini tu. Ilikuwa nzito na ndefu, kama ya kwetu Runyenjes, ambako ukungu hushukia mibuni na mtu hana haja ya kuuliza kama mvua itakuja.

Lakini hapa palikuwa Gachoka, kwenye shamba kavu alikozaliwa mke wangu. Mbegu zake za kunde zilitoka kwa mamake, zikatunzwa kwa majivu ndani ya kibuyu. Aina hiyo haikuwepo dukani.

"Leo tunapanda zote," nikasema. "Magoti yananiuma tangu juzi. Mvua imeshika."

"Kwani tunapanda magoti, mzee?"

"Hata harufu huisikii?"

"Naisikia." Akachukua panga, akalichoma ardhini, akalichomoa. Juu lilikuwa na tope. Ncha ilitoka na vumbi. "Maji hayajafika hata kidole kimoja. Tuache japo nusu."

Nilicheka. Hewa ilikuwa baridi shingoni, na moyo ulinijaa furaha ambayo niliichukua kuwa ushahidi.

"Haya," akasema, akinipa kibuyu. "Wewe ndiye mwenye magoti."

Zilimea. Kwa muda mfupi shamba likawa na kijani hafifu, nami nikawa nalipitia alfajiri polepole, kama mtu anayeogopa kujiamsha. Kisha jua likashika, na miche ikalala mmoja mmoja. Mvua yenyewe ilipokuja, haikukuta kitu.

Sikuwa nimedanganya. Magoti yaliuma kweli. Ila hizo zilikuwa habari zangu. Za udongo zilikuwa kwenye panga, na yeyote angeziona, hata adui yangu. Kule juu kwetu Runyenjes magoti hayakuwahi kukosea kwa sababu mvua yenyewe ilikuwa haikosi, nami miaka yote nikadhani ni ujuzi wangu.

Mke wangu alizunguka kwa majirani akiuliza kama kuna aliyewahi kupewa mbegu ya mamake. Alirudi jioni na kiondo kitupu, wala hakunilaumu.

Msimu uliofuata alipanda za dukani. Zilizaa vizuri. Siku tuliyozila mara ya kwanza, nilimuuliza kama utamu ni ule ule.

"Ni kunde," akasema, akaniongezea.